Kichwa cha nini, kikombe cha nini: nyonga bandia kwa mtu wa Kigoma na Tabora

Nyonga bandia haichakai mahali pote. Shina, nguzo ya chuma inayoingia ndani ya fupa la paja, likishashikana nalo linaweza kukaa miongo bila kusumbua. Umri wa nyonga huamuliwa pale kichwa, mpira ulio juu ya shina, kinapozunguka ndani ya kikombe kilichowekwa kwenye fupanyonga. Nyuso hizo mbili husuguana takriban mara milioni moja kwa mwaka kwa mtu wa mwendo wa kawaida, na zaidi kwa anayepanda na kushuka vilima vya Kigoma kwa miguu, au anayesukuma baiskeli yenye gunia la mkaa kuingia Urambo. Wagonjwa wakiuliza "chuma gani ni kizuri?", hapo ndipo jibu lilipo: nini kitasugua nini.

Huku magharibi swali hilo lina uzito wake. Kwa mtu wa Kasulu au Sikonge, kubadilishiwa nyonga nzima mara nyingi ni safari ya Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, au hospitali nyingine kubwa yenye timu na vifaa. Reli ya Kati kutoka Kigoma hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,200. Operesheni ya marudio ni safari ileile, ila sasa mgonjwa ni mzee zaidi, mfupa umepungua na bili imekua. Kufuatilia wagonjwa waliorudi nyumbani kumetufundisha kupenda jozi ya nyuso ambayo ikianza kuharibika itaharibika polepole, itaonekana kwenye eksirei ya kawaida ya hospitali ya mkoa, na kumpa mtu muda wa kuuza ng'ombe au kusubiri msimu wa tumbaku uishe kabla ya kusafiri. Jozi inayoongoza kwenye jedwali la maabara lakini ikishindwa inashindwa ghafla usiku, tunaipima kwa jicho jingine.

Tuanze na plastiki, kwa kuwa ndiyo iliyo ndani ya nyonga nyingi. John Charnley wa Uingereza alianza na vikombe vya Tefloni, vikaliwa ndani ya miaka michache tu. Mwaka 1962 akahamia kwenye polietilini yenye molekuli ndefu mno, na mpaka leo tunatumia wajukuu wa plastiki hiyo. Kichwa chake kilikuwa kidogo, milimita 22.225, na kilikuwa kidogo kwa makusudi. Hesabu yake inafaa kuijua, maana inaeleza mengi yanayofuata.

Kichwa kikizama ndani ya plastiki kwa kina fulani, wingi wa plastiki iliyolika ni eneo la duara la kichwa mara kina hicho. Chukua plastiki ya zamani, ambayo kwa wastani ililika milimita 0.1 kwa mwaka. Kichwa cha milimita 22 kitatoa milimita za ujazo 39 hivi kila mwaka, cha 28 kitatoa 62, na cha 36 kitafika 102. Kina ni kilekile, vumbi limezidi mara mbili na nusu. Na vumbi ndilo adui mwenyewe. Chembe nyingi zina ukubwa wa chini ya mikromita moja, saizi ambayo seli za kinga huimeza, zikashindwa kuisaga, kisha zikatoa kemikali zinazoamsha seli za kula mfupa. Kwa hiyo kikombe hulegea kwa sababu mfupa uliokishika umemomonyoka, huku plastiki yenyewe ikiwa bado ina unene wa kutosha. Mgonjwa haumwi kitu kwa miaka. Siku maumivu yanapoanza, nyuma ya kikombe huwa pameshabaki pango.

Plastiki ya zamani ilikuwa na ugonjwa mwingine. Ilitakaswa kwa mionzi ya gama, kilogrei (kipimo cha mionzi) 25 hadi 40, ikiwa imefungwa pamoja na hewa. Mionzi huacha radikali huru, yaani molekuli zilizokatika na zisizotulia, ndani ya plastiki, oksijeni huzikuta, na bitana (tabaka la ndani la kikombe) inazidi kuwa dhaifu na kukatika kirahisi hata ikiwa bado kwenye rafu ya stoo. Tangu katikati ya miaka ya 1990 watengenezaji wengi wamehamia kwenye vifungashio visivyo na oksijeni. Vifaa vya msaada vinavyotoka stoo za nje bado vinahitaji kusomwa tarehe na njia ya utakasaji kabla ya kufunguliwa. Bitana ya bure iliyokaa kabatini miaka kumi na tano inaweza kuwa ghali kuliko zote hospitalini.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaja plastiki iliyofungamanishwa. Hupigwa mionzi mingi zaidi, kwa kawaida kilogrei 50 hadi 100, ili minyororo ya molekuli ishikane yenyewe kwa yenyewe. Kisha radikali zilizobaki hushughulikiwa: wengine huiyeyusha kabisa kwa kupita nyuzi 137 hivi za Selsiasi, wengine huipasha chini ya hapo, na baadaye wengine wakaitia vitamini E. Kila njia ina gharama yake. Kuyeyusha humaliza radikali lakini hupunguza uimara wa plastiki dhidi ya nyufa. Kupasha hulinda uimara lakini huacha radikali kiasi. Matokeo ndani ya mwili yamekuwa mazuri kuliko tulivyozoea: ulikaji hushuka hadi milimita 0.05 kwa mwaka au chini ya hapo, na chini ya kiwango hicho mfupa kumomonyoka huwa nadra. Ndiyo maana vichwa vya 32 na 36 vinatumika leo bila hofu ile ya hesabu ya juu.

Onyo ni moja. Kwa kuwa plastiki hii haipendi nyufa, bitana nyembamba yenye ukingo ulioinuliwa, ndani ya kikombe kilichosimama wima mno, inaweza kupasuka ukingoni. Daktari anayelazimisha kichwa cha 36 ndani ya kikombe cha milimita 48 ili nyonga isiteguke amehamisha tatizo tu. Kichwa cha 32 chenye plastiki nene hutosha kwa wagonjwa wengi, na kwa mama mwenye umbo dogo hata 28 si aibu.

Je, kichwa kinachosugua plastiki hiyo kiwe cha kobalti-kromi, yaani chuma cha mchanganyiko, au cha seramiki, aina ya kauri ngumu? Seramiki ni ngumu mara kadhaa kuliko kobalti-kromi, haikwaruziki kirahisi, na maji ya mwilini hutandaa vizuri juu yake. Kwenye plastiki ya zamani faida hiyo ilionekana wazi. Kwenye plastiki iliyofungamanishwa, tofauti ya ulikaji katika miaka kumi ya kwanza ni ndogo kiasi kwamba mzee wa miaka 75 hana sababu ya kuuza shamba kwa ajili yake. Faida ya seramiki iliyobaki ipo kwingine, kwenye ncha ya shina. Kichwa huvikwa juu ya ncha yenye umbo la pia, mara nyingi ya kipimo cha 12/14, yaani milimita 12 juu na 14 chini. Kichwa cha kobalti-kromi kikicheza hata kidogo pale, chumvi za mwili huanza kutu ya kipekee, kobalti hutoka, na nyama za jirani hufa. Vichwa vikubwa na virefu huongeza mzigo huo. Seramiki hupunguza sana tatizo hili.

Lakini seramiki ina adabu zake wakati wa kuivika, na hapa makosa ya dakika moja hulipwa miaka baadaye. Ncha isafishwe kwa maji, ikaushwe kwa kitambaa kisicho na nyuzi, isibaki damu, mafuta wala kipande cha mfupa. Kichwa kiwekwe kwa mkono na kuzungushwa kidogo mpaka kishike, kisha kigongwe kwa kigongeo cha plastiki katika mstari wa ncha yenyewe. Nyundo ya chuma isiguse kichwa moja kwa moja. Vipimo vya ncha lazima vitoke kwa mtengenezaji anayekubali jozi hiyo: 12/14 ya huyu na 12/14 ya yule zinaweza kutofautiana kwa pembe na ukali wa uso, na seramiki haisamehi. Ikiwa shina ni la zamani na kichwa pekee kinabadilishwa, ncha imeshakwaruzwa. Hapo kichwa kipya cha seramiki kiwe kile chenye soketi ya titani (chuma chepesi) ndani.

Seramiki juu ya seramiki ilianzia Ufaransa kwa Pierre Boutin mwaka 1970. Seramiki ya wakati ule, iitwayo alumina, ilikuwa na punje kubwa na ilivunjika mara nyingi kuliko ya leo. Ya sasa, yenye rangi ya waridi hafifu, ni alumina iliyotiwa zirkonia, seramiki nyingine, kama asilimia 17 ili ufa usisafiri ndani yake, na kuvunjika kwa kichwa chake kumekuwa tukio nadra sana. Bitana ya seramiki huvunjika zaidi kuliko kichwa, hasa ikiingizwa upande ndani ya kikombe cha titani na daktari asigundue. Ulikaji wa jozi hii ni wa mikromita chache kwa mwaka. Kwenye karatasi hakuna inayoishinda.

Kwa nini basi tusimpe kila mtu? Tatizo la kwanza ni pembe ya kikombe. Plastiki huvumilia kikombe kilichokaa vibaya kwa kulika haraka zaidi, jambo baya lakini la polepole. Seramiki hubebwa ukingoni, hupata mchirizi uliochakaa, huanza kulia kama bawaba kavu ya mlango, na wakati mwingine humeguka. Tatizo la pili ni namna watu wanavyokaa: choo cha kuchuchumaa, mkeka, kigoda cha jikoni, sijda za swala tano kila siku kwa mzee wa Ujiji. Kukunja sana hufanya shingo ya shina igonge ukingo wa bitana. Plastiki huchimbika kijimfereji. Seramiki hupata alama ya chuma au kipande hutoka.

Tatizo la tatu ni lile la umbali. Seramiki ikivunjika, mtu husikia mlio, kisha nyonga husaga kama mchanga. Hapaswi kutembelea mguu huo, na marudio hayangoji. Marudio yenyewe ni magumu: vipande vyote na utando wa kiungo vitolewe kwa uangalifu, na kichwa kipya kiwe cha seramiki tena, kikisugua seramiki au plastiki. Kuweka kichwa cha kobalti-kromi mahali palipovunjika seramiki ni kosa kubwa, kwa sababu vumbi gumu lililobaki hukisaga kile chuma. Kuna wagonjwa ulimwenguni walioingia katika sumu ya kobalti kwa njia hiyo, moyo na macho vikaathirika. Hospitali inayompokea mgonjwa wa namna hii Nzega au Kibondo inatakiwa kumtuliza, kumpiga eksirei, kumpa mikongojo na kumwandikia rufaa inayotaja neno "seramiki" kwa herufi kubwa.

Chuma juu ya chuma tunaweza kupita haraka. Vichwa vikubwa vya kobalti-kromi ndani ya vikombe vya kobalti-kromi vilisifiwa sana mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2010 aina moja iliyotumika sana, ASR, iliondolewa sokoni duniani kote. Ioni za kobalti na kromi huingia damuni na uvimbe wa nyama iliyokufa hujitokeza kando ya nyonga. Nyonga za kuvalisha kichwa kofia ya chuma bado hufanyiwa baadhi ya wanaume wenye mifupa mikubwa, katika vituo vyenye uzoefu. Kwa mwanamke anayetarajia kuzaa au mtu mwenye figo dhaifu, la. Akitokea mtu aliyefanyiwa nje ya nchi na ana jozi hii, asiridhike na kutoumwa: apimwe kobalti ya damu, ambayo ikizidi mikrogramu 7 kwa lita inahitaji uchunguzi zaidi, na sampuli yenyewe italazimika kusafiri.

Vijana wenye selimundu wanastahili aya yao, kwani huku wapo wengi. Kichwa cha paja hufa kwa kukosa damu wakiwa na miaka ishirini na kitu, wakati mwingine pande zote mbili. Mtu wa miaka 24 ni karibu hakika atahitaji marudio maishani, kwa hiyo mfupa anaobakiwa nao ni akiba. Kwake kichwa cha seramiki juu ya plastiki iliyofungamanishwa kina maana hata kama bei imezidi: vumbi kidogo, hakuna kutu ya ncha, na kikishindwa kitashindwa polepole. Wapo madaktari wazuri wanaomchagulia seramiki kwa seramiki, na hoja yao ina nguvu ikiwa kikombe kimekaa sawasawa. Ila kwa kundi hili, uso wa kusugua si hatari ya kwanza. Mfereji wa paja lao umejaa mfupa mgumu, kifaa cha kuchimbia kinaweza kutoboa upande. Maambukizi huwafuata kwa urahisi. Damu, maji, joto na oksijeni vinahitaji kupangwa kabla ya siku ya operesheni. Kubishana kuhusu rangi ya kichwa wakati hakuna damu ya akiba ni kuanzia mwisho.

Bibi aliyevunjika shingo ya paja kwa kuteleza uani ni habari nyingine tena. Wengi hupewa nusu nyonga, aina ya Austin Moore isiyotumia saruji (gundi ya kushikiza kifaa kwenye mfupa) au aina ya Thompson yenye saruji, ambapo kichwa cha chuma husugua gegedu yake mwenyewe. Hapa jozi ni chuma kwa gegedu, na kinachoiharibu ni saizi. Kichwa kilichotolewa kipimwe kwa pande mbili, kisha cha majaribio kiingizwe: kinatakiwa kizunguke kwa uhuru na kivutwe kwa mnyonyo. Kikubwa mno hubana ukingoni, kidogo mno hugonga katikati na kuchimba kuelekea ndani ya fupanyonga. Kwa bibi wa miaka 85 anayetembea kutoka kitandani hadi barazani, nusu nyonga hutosha. Kwa mama wa miaka 60 anayelima, maumivu ya kinena yatakuja baada ya miaka michache, na nyonga nzima ya chuma kwa plastiki ingemfaa zaidi tangu mwanzo.

Sasa kazi inayoweza kufanyika katika hospitali za mkoa za Maweni (Kigoma) au Kitete (Tabora) bila kifaa kipya: kusoma ulikaji kwenye eksirei. Picha iwe ya fupanyonga lote, ya mbele, na ipigwe vilevile kila mara: baada ya wiki sita, mwaka mmoja, kisha kila baada ya miaka michache. Kwanza pima pembe ya kikombe. Chora mstari unaogusa sehemu za chini za mifupa ya kukalia, kisha mstari wa mdomo wa kikombe. Pembe kati yao ilenge nyuzi 40, na kati ya 30 na 50 hukubalika. Nyonga huteguka hata ndani ya mipaka hiyo, kwa hiyo namba hii peke yake si kinga. Lakini ikifika 55, mgonjwa aitwe mapema zaidi ya wenzake.

Kisha pima nafasi kati ya kichwa na ukuta wa kikombe, pale ilipo nyembamba kabisa, kwa kawaida juu na nje, na pale ilipo nene kabisa. Toa, gawa kwa mbili. Sahihisha ukuzaji wa picha kwa kutumia kichwa chenyewe, kwa kuwa kipimo chake unakijua. Mfano: kichwa cha 28 kinasomeka 33 kwenye picha. Pana ni 11, nyembamba ni 7. Tofauti 4, nusu yake 2. Mbili mara 28 gawa kwa 33 ni milimita 1.7. Ikiwa nyonga ina miaka kumi, hiyo ni 0.17 kwa mwaka, juu ya 0.1, na mgonjwa apelekwe kabla mfupa haujaisha hata kama anacheka na kutembea. Mwaka wa kwanza au wa pili plastiki hujibonyeza bila kulika, kwa hiyo kusogea kidogo mwanzoni kusiogopeshe. Picha ya mwaka mmoja ndiyo ianzie hesabu. Kikombe cha plastiki cha saruji hakionekani chenyewe, tafuta waya mwembamba uliowekwa ndani yake. Na ukitaka kujua kichwa ni cha nini bila faili, angalia ncha ya shina: ndani ya seramiki mara nyingi utaiona kwa kivuli, ndani ya kobalti-kromi imefichwa.

Kuteguka nako kunahusu nyuso hizi. Mgonjwa anashuka kwenye treni baada ya kukaa siku nzima kwenye kiti cha chini, anainama kuchukua begi, mguu unafupika na kugeukia ndani. Kurudisha kwa nguvu bila dawa ya kulegeza misuli hukwangua kichwa kwenye ukingo wa titani wa kikombe. Kichwa cha kobalti-kromi hukwaruzika, cha seramiki hupakwa madoa ya titani, na tangu siku hiyo plastiki inasagwa na kichwa chenye ukali. Kwa hiyo: usingizi kamili, misuli ilegee, kuvuta taratibu, kisha picha mbili. Miezi mitatu ya mwanzo mgonjwa aswali kwenye kiti, choo cha kuchuchumaa kiwekewe kiti cha mbao chenye tundu, goti lisizidi nyonga kwa urefu anapokaa, na bodaboda ingoje.

Kitu cha bure kinachopotea mara nyingi ni stika. Kila kipande cha nyonga hutoka kiwandani na stika zenye jina la mtengenezaji, namba ya kifaa, namba ya toleo, saizi na aina ya malighafi. Seti moja hubaki kwenye faili la hospitali; mgonjwa aombe nyingine ibandikwe kwenye daftari lake la kliniki, na ndugu azipige picha kwa simu kabla ya kuondoka wodini. Nne zinatosha: kikombe, bitana, kichwa, shina. Daktari wa marudio akijua kikombe ni cha nani na bado kimeshika, anaweza kubadilisha bitana na kichwa tu. Asipojua, huenda akalazimika kung'oa kikombe kizima chenye afya kwa kukosa bitana inayoingia humo.

Bajeti ikibana, tunapunguza kwa mpangilio huu: kwanza seramiki ya kichwa kwa mtu aliyepita miaka 70, kisha ukubwa wa kichwa kutoka 36 hadi 32, kisha tunabadili kikombe cha titani kwa kikombe cha plastiki kinachoshikizwa kwa saruji, mradi daktari ameizoea saruji. Plastiki iliyofungamanishwa hatuiachi kwa mtu yeyote mwenye matarajio ya kuishi miaka kumi zaidi. Na kabla ya kurudisha kiungo mahali pake, kikombe kioshwe kwa maji mengi na kukaguliwa kwa kidole: punje moja ya saruji iliyobaki humo hufanya kazi ya msasa kila hatua.